NGAO NI YA NANI? Nembo za Waskoti katika Utafiti wa Nasaba

Sisi walimu wa Kiswahili katika nchi hizi hukutana na majina ya Waskoti mara nyingi kuliko tunavyotambua. Katika vitabu vya historia na vya kusoma yumo David Livingstone, aliyekutwa Ujiji mwaka 1871. Yumo James Grant, aliyefuatana na Speke kulitafuta chimbuko la Nile. Yumo Joseph Thomson, aliyepita katika nchi ya Wamasai miaka ya 1883 na 1884. Yumo Alexander Mackay, aliyepiga chapa vitabu Buganda na kufariki mwaka 1890. Mwanafunzi mdadisi huuliza: watu hawa walikuwa wa koo gani, na ngao za koo zao zilikuwa zipi?

Swali hilo ni jema, ila lina mtego. Kwetu, mtu akisikia habari za alama ya ukoo, huwaza yale aliyoyazoea. Muganda wa ukoo wa Mmamba, yaani Kamongo, huzaliwa nao mwiko wake. Tajiri na maskini, mkubwa na mdogo, wote wanao sawasawa, maana ni wa ukoo mzima. Basi ni rahisi kudhani kwamba kule Uskoti nako kila Campbell ana ngao ya akina Campbell, na kila Fraser ngao ya akina Fraser. Wauza vitu vya ukumbusho wameikuza dhana hiyo. Huuza vibao, vikombe na karatasi zilizochorwa ngao na kuandikwa jina la familia chini yake, naye mnunuzi hurejea kwake akiamini kwamba ameipata asili yake.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kwa sheria ya Uskoti hakuna ngao ya jina. Ngao ni mali ya mtu mmoja, na baada yake ni ya mrithi wake. Jambo hili likieleweka, ngao huwa shahidi mzuri katika utafiti wa nasaba. Lisipoeleweka, ngao hiyo hiyo humpeleka mtafiti kwa mababu wasio wake.

Chanzo cha ngao zenye nembo

Desturi ya kuchora nembo juu ya ngao ilienea Ulaya magharibi katika karne ya 12. Askari mpanda farasi, akiwa amefunikwa chuma toka kichwani, hakuweza kutambulikana kwa uso. Alitambulikana kwa ngao yake. Punde si punde nembo ile ile ikachongwa katika muhuri, na muhuri ndio uliokuwa sahihi ya mtu katika zama ambazo mabwana wengi hawakujua kuandika. Kwa sababu hiyo ushahidi wa kale kabisa wa nembo za Uskoti unapatikana katika nta ya mihuri, wala si katika ngao za vita.

Miongoni mwa nembo hizo za mwanzo ni ile ya Wasimamizi Wakuu wa nyumba ya mfalme, yenye mshipi wa miraba miraba uliopita katikati ya ngao. Wengi huifasiri miraba hiyo kuwa ni kitambaa cha kuhesabia fedha, kwa kuwa hesabu za nyumba ya mfalme zilikuwa mikononi mwao. Cheo hicho, kwa lugha yao, ndicho kilichozaa jina la Stewart. Na mwaka 1371 mtu wa nyumba hiyo alipanda kiti cha enzi kwa jina la Robert wa Pili. Simba wa kifalme naye, anayesimama kwa miguu ya nyuma, anaonekana katika muhuri wa mfalme Alexander wa Pili wa mwaka 1222.

Mwalimu wa lugha atapendezwa kujua kwamba elimu hii ina msamiati wake maalumu, ambao sehemu kubwa yake imetoka katika Kifaransa cha zamani. Dhahabu huitwa or, fedha argent, nyekundu gules, samawati azure, nyeusi sable, na kijani vert. Sarufi yake ni kali: kwanza hutajwa rangi ya uwanja, kisha kilichomo juu yake, kisha vilivyo pembeni. Ngao ya akina Bruce, kwa mfano, ni uwanja wa dhahabu wenye msalaba mwekundu wa kushazari na bamba jekundu juu. Mchoraji akisomewa maneno hayo ataichora bila kuiona, kwa maana maneno ndiyo asili, na mchoro ni tafsiri yake. Kanuni kuu ya rangi ni kwamba chuma hakiwekwi juu ya chuma, wala rangi juu ya rangi. Dhahabu juu ya fedha haionekani kwa mbali, na nembo isiyoonekana kwa mbali haina kazi.

Lord Lyon na sheria ya nembo

Mkuu wa mambo haya katika Uskoti huitwa Lord Lyon. Jina la cheo chake limetokana na simba wa mfalme. Zamani alikuwa mjumbe na mpiga mbiu wa mfalme, na mpaka leo ni msimamizi wa sherehe za taifa. Aliyepata sifa kubwa katika wenye cheo hicho ni Sir David Lindsay wa karne ya 16, mshairi na mtunzi wa tamthilia, aliyeacha kitabu cha nembo cha mwaka 1542 ambacho ni hazina hata leo.

Lakini Lord Lyon ni hakimu pia, na hapo ndipo Uskoti inapotofautiana na nchi nyingi. Sheria ya mwaka 1592 ilimpa uwezo wa kukagua nembo za watu wote, kuzitofautisha, na kuwaadhibu waliojitwalia zisizo zao. Sheria ya mwaka 1672 ikaanzisha Daftari la Umma la Nembo Zote, na kila mwenye nembo akatakiwa ailete iandikwe. Tangu hapo, nembo isiyomo katika Daftari haina nguvu ya sheria. Mahakama ya Lord Lyon iko Edinburgh, ina mwendesha mashtaka wake, na inafanya kazi hata sasa. Mwaka 2015 klabu ya kandanda ya Ayr United ilielezwa kwamba beji yake, iliyokuwa na umbo la ngao isiyoandikishwa, ilikuwa inakwenda kinyume cha sheria hizo za kale. Klabu ikalazimika kutafuta beji mpya.

Kwa nini ukali wote huu? Kwa sababu ngao ni dai. Anayeitundika anasema: mimi ni fulani, mrithi wa fulani. Wawili wakitundika ngao moja, mmoja wao hasemi kweli.

Hata hivyo mtu wa kawaida wa ukoo hakunyimwa kila kitu. Anaruhusiwa kuvaa beji yenye alama ya kofia ya chuma ya mkuu wa ukoo, iliyozungushiwa mkanda wenye bizimu pamoja na wito wa mkuu huyo. Ule mkanda una maana yake: alama iliyo ndani ni ya mkuu, naye mvaaji anajitambulisha kuwa mfuasi wake. Mkuu mwenyewe havai mkanda. Yeye huzungushia alama yake duara na kuongeza manyoya matatu ya tai.

Pindo linavyosema

Ikiwa ngao ni ya mtu mmoja, watoto wake wengine hufanyaje? Mrithi huichukua ngao nzima, bila badiliko, baada ya baba kufa. Mdogo wake akitaka ngao hana budi kwenda kwa Lord Lyon, athibitishe kizazi chake, na kuandikishiwa ngao ya baba yenye tofauti. Katika Uskoti tofauti hiyo mara nyingi ni pindo lizungukalo ngao, mithili ya pindo la kanga lizungukavyo mji wake. Rangi ya pindo hutofautisha mtoto na mtoto. Watoto wa wenye pindo nao wakitaka ngao zao, ukingo wa ndani wa pindo hubadilishwa: wa huyu ukawa wa mawimbi, wa yule ukawa wa meno meno. Utaratibu huo ulipangwa vizuri zaidi katika karne ya 19 na Robert Riddle Stodart, karani wa Mahakama hiyo.

Hapa ndipo utajiri wa elimu hii kwa mtafiti wa nasaba. Ngao iliyoandikishwa hivyo ni sentensi yenye kusomeka. Uwanja na alama zake kuu zinataja nyumba. Pindo linataja tawi. Ukingo wa pindo unataja kijitawi. Aidha, penye kila andikisho Daftari hueleza kwa maneno jinsi mwombaji alivyotokana na mwenye ngao wa kwanza, kizazi baada ya kizazi, na maelezo hayo hukubaliwa baada ya hakimu kuona ushahidi. Mtafiti akilipata andikisho moja la jamaa yake, amepata vizazi kadhaa vilivyokwisha kuhakikishwa.

Wanawake hawakuachwa nje. Mwaka 1935 Flora MacLeod alirithi ukuu wa ukoo wa MacLeod, akiwa wa 28 katika orodha yao, akaushika mpaka alipofariki mwaka 1976. Mrithi wake alikuwa mjukuu aliyezaliwa na binti yake, naye kijana huyo ilimbidi aliache jina la baba yake na kujiita MacLeod, kwa kuwa mkuu wa ukoo sharti alichukue jina la ukoo.

Mafumbo katika ngao

Ziko ngao zinazosema kwa fumbo, na hizi zinafaa sana darasani. Ngao ya akina Fraser ina maua meupe ya stroberi katika uwanja wa samawati. Kwa Kifaransa tunda hilo huitwa fraise, na sauti ya neno ikalikumbusha jina. Ngao ya akina Skene ina visu vitatu, vyenye vichwa vya mbwa mwitu ncha zake. Kisu kwa Kigaeli ni sgian. Ngao ya akina Lockhart ina moyo ndani ya kufuli, ambavyo kwa lugha yao hulitaja jina lenyewe. Jina hilo zamani liliandikwa Locard. Fumbo la ngao na tahajia ya jina vilikwenda vikisogeleana.

Moyo huo una kisa. Mfalme Robert Bruce alipofariki mwaka 1329, Sir James Douglas alikabidhiwa moyo wake aupeleke vitani dhidi ya maadui wa dini yake, akauawa Hispania mwaka 1330. Baadaye wa nyumba ya Douglas wakatia moyo mwekundu katika ngao yao. Hicho ni kisa chenye ushahidi. Lakini visa vingine vya ngao vilitungwa baadaye ili kuieleza picha iliyokwisha kuwapo, kama vile watu watungavyo hadithi kueleza asili ya neno wasilolijua. Mtafiti apokee kila kisa cha ngao kwa tahadhari ile ile.

Tahadhari nyingine ni hii: kufanana kwa ngao si lazima kuwe undugu. Katika bonde la Annandale, akina Johnstone, Kirkpatrick na Jardine wana ngao zenye msalaba wa kushazari na bamba juu, mfano wa ngao ya Bruce. Hawakuzaliwa na Bruce. Bruce alikuwa bwana wa ardhi ile, na waliokuwa chini yake waliifuata nembo yake. Sisi walimu tunalifahamu jambo hili kwa njia ya lugha. Maneno mawili yakifanana, huenda ni ya asili moja, huenda moja limekopwa, na huenda ni sadfa tu.

Jina linapodanganya

Jina nalo lina hila zake. Mwaka 1603, baada ya mapigano ya Glen Fruin, serikali ya mfalme James wa Sita ililipiga marufuku jina la MacGregor. Aliyeendelea kuitwa hivyo alihatarisha maisha yake. Marufuku iliondolewa mwaka 1661, ikarudishwa mwaka 1693, ikafutwa kabisa mwaka 1774. Katika muda huo watu wa ukoo ule walijiita Campbell, Murray, Drummond, Grant na majina mengineyo. Rob Roy mwenyewe, aliyefariki mwaka 1734, alitumia jina la mama yake, Campbell. Basi mtu wa leo aitwaye Campbell anayetundika ukutani ngao ya mkuu wa akina Campbell yamkini ametundika ngao ya wale waliowawinda babu zake.

Turejee kwa Livingstone tunayemfahamu. Katika nyanda za chini, magharibi ya Edinburgh, uko mji wa Livingston, na wakuu walioitwa kwa jina la mahali hapo walipanda hadi kuwa masharifu wa Linlithgow. Ngao yao yenye maua mekundu katika uwanja wa fedha ni nzuri, na ndiyo muuzaji atakayomtolea mtu kwa jina hilo. Lakini babu yake David Livingstone alitoka kisiwa cha Ulva, katika pwani ya magharibi, penye watu wa Kigaeli. Upande ule jina la Livingstone lilitumika badala ya jina la Kigaeli Mac an Lèigh, linalofasiriwa na wengi kuwa ni mwana wa tabibu. Majina mawili yenye asili mbili yalivaa vazi moja. Wala tahajia haisaidii, maana Livingstone mwenyewe katika barua za ujana wake aliliandika jina lake bila ile herufi e ya mwisho.

Njia ya kufuata

Kwa hiyo mtafiti asianze na ngao. Aanze na yeye mwenyewe, aende nyuma hatua kwa hatua: wazazi, babu na bibi, na waliowazaa hao. Uskoti imejaliwa kumbukumbu nzuri. Uandikishaji wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza tarehe 1 Januari 1855, na hati ya kifo hutaja baba na mama wa marehemu, pamoja na jina la ukoo alilozaliwa nalo mama. Kabla ya hapo viko vitabu vya parokia, cha kale zaidi kikiwa cha Errol tangu mwaka 1553. Hesabu za watu zenye majina ya kila nyumba zipo tangu mwaka 1841, na hufunguliwa baada ya miaka 100. Ziko hati za wasia tangu karne ya 16, na daftari za ardhi tangu mwaka 1617. Nyingi kati ya hizi zinasomeka kupitia huduma ya serikali iitwayo ScotlandsPeople, hata kwa aliye mbali.

Akiisha kufika kwa babu aliyekuwa na ardhi au cheo, ndipo auendee mlango wa nembo. Kitabu cha James Balfour Paul, toleo la pili la mwaka 1903, kimepanga ngao za Daftari kwa alama zilizomo, hata mtu aliyeona ngao juu ya kaburi au kijiko cha fedha bila jina aweze kumtambua mwenyewe. Juzuu ya pili, ya mwaka 1977, inaendelea hadi mwaka 1973. Mtafiti alinganishe mambo matatu: jina, mahali na wakati. Yakipatana yote matatu, ngao imetoa ushahidi wake. Likipatana jina peke yake, bado hajapata kitu.

Na wasiokuwa na ngao?

Waskoti walio wengi hawakuwa na ngao. Walikuwa wakulima wa kukodi ardhi, wavuvi, wafumaji, wachimba makaa. Majina yao yamo katika vitabu vya parokia na hesabu za watu, hayamo katika Daftari la Lord Lyon. Anayejipamba kwa ngao ya bwana mwenye jina kama lake hajiongezei mababu. Huwaacha walio wake, waliomzaa na kumlea baba yake, kwa ajili ya wageni waliovaa vizuri.

David Livingstone alizaliwa mwaka 1813 katika mji wa Blantyre, akakulia katika chumba kimoja cha nyumba ya wafanyakazi, na akiwa na miaka 10 aliingizwa kazini katika kiwanda cha pamba. Wazazi wake walipokwisha kufa, watoto waliweka jiwe juu ya kaburi lao huko Hamilton, na maandishi yake yanamshukuru Mungu kwa kuwapa wazazi maskini na wacha Mungu. Inasimuliwa kwamba palikuwa na shauri la kuandika “maskini lakini wacha Mungu”, naye David akakataa. Aliliona neno “lakini” linaomba radhi kwa umaskini wa wazazi wake, naye hakuwa na la kuombea radhi.

Tunawashauri walimu wenzetu kulitumia jiwe hilo wanapofundisha viunganishi, na wanapofundisha historia ya koo pia. Mwanafunzi aandike sentensi mbili juu ya babu yake mwenyewe, moja yenye “na”, nyingine yenye “lakini”, kisha aeleze mbele ya darasa ni ipi iliyo kweli.